Uliza kabla mtoto hajaenda kucheza kwa jirani

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, hata kama kwenu hamna bunduki, kwa jirani huenda ipo. Mtoto akialikwa kucheza, uliza mapema kama unavyouliza habari za mbwa: mna silaha? Imefungiwa? Risasi zimewekwa kando? Mimi huona haya kidogo, lakini nauliza. Mtoto naye ajue: akiiona asimame, asiguse, atoke hapo, amwambie mtu mzima. Mfanyishe zoezi kwa bastola ya plastiki, maana kuitikia “ndiyo mama” ni rahisi. Wenye bunduki nyumbani, msitegemee mafunzo hayo peke yake. Ifungieni kwenye sefu bila risasi, na ufunguo usikae juu ya kabati. Watoto wanapajua.