Namna ya kusimamia alama za «anaandika» na «yupo hewani» katika programu ya gumzo

Alama mbili ndogo, ile inayosema mwenzako anaandika na ile inayosema yupo hewani, huonekana rahisi kutengeneza mpaka siku mtu anapofunga kompyuta yake katikati ya sentensi. Katika programu moja niliyowahi kuitunza, jina la mtumiaji mmoja lilikesha na neno «anaandika» hadi asubuhi, ilhali mwenyewe alikuwa usingizini: kivinjari chake kilikwisha kutuma taarifa ya kuanza, lakini ile ya kuacha haikupata nafasi ya kutoka. Kosa lilikuwa letu, kwa kutegemea taarifa ambayo hakuna awezaye kuhakikisha kuwa itafika. Kwa hiyo kila alama ipewe muda wa kuisha yenyewe, na taarifa ya kuacha ichukuliwe kuwa nyongeza tu.

Mtumiaji anapobonyeza herufi ya kwanza, kivinjari kitume kupitia WebSocket (muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva) ujumbe mfupi wenye kitambulisho cha gumzo peke yake (mtumaji seva inamjua tayari kutokana na muunganisho, wala isikubali jina linalotoka kwenye kivinjari), kisha kinyamaze kwa sekunde 3 hata kama vidole vinaendelea kukimbia juu ya kibodi. Zikipita naye bado anaandika, kirudie. Kwa mpokeaji, kila ujumbe huo unapofika, kipima muda cha sekunde 6 kianze upya, na kikifika mwisho alama ifutike. Nafasi kati ya 3 na 6 ipo kwa makusudi, ili ujumbe mmoja ukichelewa njiani alama isizime na kuwaka kama taa mbovu. Telegram nayo hufanya jambo linalofanana na hili kwa roboti zake (akaunti zinazoendeshwa na programu): alama ya kuandika hudumu sekunde zisizozidi 5, na roboti isipoirudia inatoweka.

Ujumbe wenyewe ukishafika, futa alama ya mtumaji papo hapo, la sivyo msomaji ataona jibu na chini yake «anaandika» isiyo na kazi. Mtu akifuta maneno yote hadi kisanduku kikabaki kitupu, hapo taarifa ya kuacha inafaa kutumwa. Mambo haya yasiingie kamwe katika hifadhidata ya kudumu. Kumbukumbu ya muda ya seva inatosha.

Kuwapo hewani ni kugumu zaidi, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na vichupo vitatu vya kivinjari na simu kwa wakati mmoja. Ukihifadhi ndiyo au hapana tu, kichupo kimoja kikifungwa utamtangaza kuwa ameondoka huku anakusoma kwenye kingine. Hifadhi orodha ya miunganisho yake, kila mmoja na muda wake wa kuisha, na umhesabu kuwa ameondoka pale tu wa mwisho unapokatika. Hata hapo subiri sekunde 10, kwani huenda anapakia ukurasa upya.

Wengi huuweka uhai wa muunganisho mikononi mwa kipima muda cha kivinjari, na hapo ndipo wanapoteleza. Tangu toleo la 88 la mwaka 2021, Chrome hubana vipima muda vya kurasa zilizofichwa kwa zaidi ya dakika 5 na zisizotoa sauti, vikafanya kazi mara moja tu kwa dakika, hivyo mapigo (taarifa fupi za «bado nipo») uliyoyapanga kila sekunde 25 hayatafika kwa wakati. Ni heri seva ndiyo iulize: itifaki ya WebSocket, iliyotolewa mwaka 2011 kama waraka wa kiwango RFC 6455, ina fremu za ping, yaani ujumbe mdogo wa kuuliza kama upande wa pili bado upo, ambazo kivinjari huzijibu chenyewe bila kupitia msimbo wa ukurasa. Seva itume ping kila sekunde 25, na kila jibu liongeze uhai wa muunganisho hadi sekunde 60.

Aliyechagua kuficha hali yake afichwe kwenye seva. Kuituma taarifa na kuifunika kwenye skrini ya mwenzake ni kumwachia siri yeyote ajuaye kufungua zana za msanidi programu zilizomo kwenye kivinjari.

Kabla ya kuitoa kwa watumiaji, anza kuandika kwenye kompyuta moja, zima Wi-Fi bila kufunga kivinjari, kisha itazame nyingine ukiwa na saa mkononi: «anaandika» ifutike ndani ya sekunde 6, na «yupo hewani» ndani ya dakika moja na ushei.