Video ya sekunde 60: jinsi ya kuchanganya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini)

Mama mwenye mtoto anayeharisha anataka kuona la kufanya sasa hivi. Kwa hiyo nembo na salamu ndefu ziache. Sekunde 3 za kwanza zionyeshe pakiti na maji, na sauti iseme: "Mtoto anaharisha? Changanya hivi."

Shika simu wima, dirisha likiwa nyuma yako, si nyuma ya meza. Piga picha ya mikono kwa karibu.

Kipimo ndicho kiini cha video, kipe sekunde 25 nzima. Soma pakiti mbele ya kamera: nyingi ni za lita 1, lakini zipo za mililita 200 na 500. Kwa lita 1, mimina chupa mbili za nusu lita za maji safi na salama, kisha pakiti nzima. Usiseme "jagi moja", majagi hayalingani. Maji yakipungua, chumvi huzidi na inaweza kumdhuru mtoto. Taja pia kwamba mchanganyiko humwagwa baada ya saa 24.

Sekunde 15 za mwisho ni za dalili za hatari: damu kwenye kinyesi, macho kubonyea, kulegea, kushindwa kunywa. Hapo ni kituo cha afya mara moja.

Andika vipimo kwa herufi kubwa kwenye skrini, maana wengi hutazama bila sauti. Msemaji ataje kazi yake, muuguzi au daktari. Watu huuliza hilo kwanza. Faili lisizidi MB 16, bando ni ghali.