Hujaamua umpe nani kura? Tazama mdahalo hivi

Usijaribu kuupima mdahalo wote. Chagua jambo moja unalolijua vizuri, kila mgombea umpime kwa hilo. Mimi nalima korosho hapa Newala. Kwenye deni la taifa mtu anaweza kunidanganya na nikampigia makofi, ila kwenye korosho hanipati.

Akisema "nitapandisha bei", bado hajasema kitu. Bei yetu inapatikana mnadani, kwa stakabadhi ghalani, yaani korosho zinawekwa ghalani kwanza ndipo zinauzwa, na wanaoisukuma wako India na Vietnam. Ngoja aendelee. Je, anataja makato? Anasema mkulima alipwe ndani ya siku ngapi baada ya mnada? Akilaani kangomba, yaani ule ununuzi wa kienyeji nje ya mnada, sikiliza kama anajua inatoka wapi: mwenye mtoto anayedaiwa sare hawezi kusubiri mnada, anapimiwa kienyeji usiku kwa bei ya kutupa. Asiyegusa njaa ya miezi ya palizi na ya kusubiri salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, huyo kaandikiwa jibu. Na akiahidi Serikali itanunua zote, kumbuka mwaka 2018 ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likazibeba. Basi aseme safari hii fedha zitatoka fungu gani, na mzigo ukishafika ghalani utauzwa kwa nani.

Chukua daftari la mtoto. Andika swali kwa kifupi, pembeni weka alama: kajibu, kazunguka, karuka. Huna haja ya kuandika alichosema, maneno matamu ndiyo yanayokupoteza.

Sura nayo ina nguvu. Septemba 26, 1960, kule Chicago, kwenye mdahalo wa wagombea urais wa Marekani, Nixon alikuja studio akiwa ametoka kuumwa, uso umepauka na jasho linamtoka, Kennedy kang'aa. Mpaka leo watu wanazungumzia jasho lile kuliko majibu. Kwa hiyo swali lako likifika, ipe runinga mgongo usikilize tu. Watakucheka, waache.

Kutazamia kibanda umiza, kwenye runinga ya kiingilio, sikushauri, labda iwe mechi. Wenye kofia za chama wakishangilia, na wewe unajikuta umetabasamu kabla jibu halijaisha.

Kuna na yule anayesimama peke yake kwa kuwa mwenzake hakuja, kama Ruto kule Kenya Julai 2022 Odinga alipokosekana. Kufika kwake ni heshima kwa mpiga kura, lakini maksi za ushindi simpi. Hakuwepo mpinzani wa kumwambia "hapo sivyo". Asiyekuja namwandikia "karuka" maswali yote.

Mdahalo ukiisha, zima kabla wachambuzi hawajaanza kukutafunia. Soma daftari asubuhi. Swali ambalo wote wameliruka lihamishie ukurasa mpya, mgombea ubunge akija kijijini omba kipaza sauti umuulize hilohilo, na usikae mpaka ataje tarehe.