Variabo kwenye Python: anza na bei ya chapati

Kama ndo unaanza Python leo usikimbilie kutengeneza app, kaa kwanza na variabo mpaka zikukae kichwani, maana kila kitu utakachoandika huko mbele kinapita hapo. Variabo ni jina tu unaloipa thamani fulani ili uje uiite baadaye. Andika hivi:

bei = 500
idadi = 3
jumla = bei * idadi
print(jumla)

Inatoka 1500. Hiyo alama ya = usiisome kama ya hesabu za shule, isome "kilichopo kulia kipe jina la kushoto", ndo maana hata idadi = idadi + 1 inakubali kabisa, Python inapiga hesabu ya kulia kwanza halafu idadi inakuwa 4. Sasa print jumla tena uone. Bado 1500! Wengi wanadhani itajibadilisha yenyewe, haijibadilishi, ilishapigwa mapema, mpaka uuandike tena ule mstari wa jumla.

Kwenye majina usianze na namba, usiache nafasi katikati, andika bei_ya_chapati. Bei yenye B kubwa na bei yenye b ndogo ni vitu viwili tofauti, ukichanganya unaletewa NameError, yaani era ya kwamba hilo jina Python hailijui. Na jamani a, b, x za nini, ukirudi baada ya wiki hukumbuki x ilikuwa nini, tumia Kiswahili tu, Python haina shida nacho.

Sasa hapa ndo panapotesa watu. Unataka mtu aingize bei mwenyewe:

bei = input("Chapati bei gani? ")
print(bei * 3)

Anaandika 500, inatoka 500500500. Mi hii ilinilia jioni nzima, kwa sababu hakuna era wala onyo, programu inaendelea tu kama vile kila kitu kiko sawa. Kumbe input siku zote inakupa maandishi hata kama mtu kabonyeza namba, na maandishi ukiyazidisha kwa 3 Python inayarudia mara 3. Dawa yake:

bei = int(input("Chapati bei gani? "))

Hapo int inayageuza hayo maandishi kuwa namba, inatoka 1500 safi. Ukiwa na wasiwasi weka print(type(bei)), ikikuonyesha str hayo ni maandishi, int ni namba kamili. Ila mtu akiandika 1,000 na koma yake int inagoma, inarusha ValueError, kwa hiyo kwenye lile swali mwambie kabisa aandike 1000 bila koma.