Kutoka Kokoto Hadi Kito: Jinsi ya Kutambua, Kung'arisha na Kukata Mawe Nyumbani

Wengi wanaovutiwa na mawe huanzia mahali pasipofaa. Wamesikia habari za tanzanaiti ya Mirerani, basi jiwe la kwanza wanalotaka kulinoa ni hilo hilo. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 tu katika kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa mawe kinachoanzia 1 hadi 10, ina upande mmoja ambao hupasukia kwa urahisi, na haivumilii joto linalobadilika ghafla. Mikononi mwa mwanagenzi hubaki vigae. Ushauri wangu ni kuanza na jamii ya kwatsi, yaani akiki, yaspi, amethisti, kwatsi ya waridi na hata zile kokoto nyeupe zinazong'aa kidogo zikilowa. Jamii hii ina ugumu wa 7, haina upande dhaifu wa kupasukia, na ukiliharibu jiwe hujapoteza mtaji wa mtu.

Mahali pazuri pa kutafuta ni kingo za mito mvua zikishapita, kwa sababu maji yamekwisha kufanya nusu ya kazi: mawe yenye nyufa yamevunjika njiani, na yaliyobaki ni yale yaliyostahimili kugongana. Akiki hujitengeneza ndani ya matundu ya miamba ya volkano, kwa hiyo anayeishi karibu na Bonde la Ufa ana nafasi nzuri zaidi kuliko aliye pwani kwenye mawe ya matumbawe. Maeneo ya Naivasha yana obsidiani, kioo cheusi cha volkano ambacho watu wa kale walikichonga kuwa visu. Haneti, mkoani Dodoma, kunajulikana kwa krisoprasi, aina ya kwatsi ya kijani inayopata rangi yake kutokana na nikeli. Chukua kopo la maji uendapo, maana jiwe kavu halionyeshi uso wake. Lichovye, kisha litazame juani, ukitafuta nyufa zaidi ya rangi. Ufa mmoja unaoonekana leo ni jiwe lililovunjika wiki ijayo.

Kabla ya kuokota, ujue uko kwenye ardhi ya nani. Omba ruhusa ya mwenye shamba au serikali ya kijiji, usiguse kitu ndani ya hifadhi, na ukumbuke kwamba miti iliyogeuka mawe huko Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, ni urithi unaolindwa. Sheria za madini za Tanzania na Kenya zinadai leseni kwa anayechimba na kwa anayefanya biashara ya vito, kwa hiyo ukitaka garneti ya Umba au yakuti ya Longido, nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Mashimo yaliyoachwa na wachimbaji usiingie kamwe, hata kama mwenyeji anakuhakikishia kwamba ameingia mara mia.

Sasa jiwe liko mezani, nalo halina jina. Rangi ndiyo shahidi wa mwisho kuitwa, kwani kwatsi peke yake inaweza kuwa nyeupe, zambarau, njano, ya waridi au nyeusi. Anza na ugumu. Kucha ina ugumu wa takriban 2.5, na wembe wa kisu cha kawaida pamoja na kioo cha dirisha huwa karibu na 5.5. Jiwe lililokwaruza kioo na kukataa kukwaruzwa na kisu linaweza kuwa kwatsi. Lile linalochimbika kwa kisu na kutoa mapovu likidondoshewa siki kali au asidi hafifu ni la jamii ya chokaa, kama marumaru. Jihadhari na kosa moja linalowapata wote: kisu laini huacha mstari wa chuma juu ya jiwe gumu, nao hufanana kabisa na mkwaruzo. Paka mate kwenye kidole ufute. Mstari ukitoka, kisu ndicho kilichoumia.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la uzito linganifu, yaani uzito wa jiwe ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule, nalo halihitaji zaidi ya mzani mdogo wa dijitali kama ule wa masonara, kikombe cha maji na uzi. Pima jiwe likiwa kavu. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe namba kwenye sifuri, na ulining'inize jiwe kwa uzi hadi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Jiwe la gramu 26.5 likisoma gramu 10 majini, jibu ni 2.65, nao ndio uzito linganifu wa kwatsi. Tanzanaiti huwa karibu na 3.35, garneti huanzia takriban 3.5 kwenda juu, na yakuti, iwe nyekundu au samawi, hukaribia 4. Kioo cha kawaida kinachouzwa kwa jina la kito mara nyingi huangukia karibu na 2.5, na ukikitazama kwa lenzi ya mara kumi unaweza kuona viputo vya hewa vya mviringo, ambavyo si dalili ya jiwe lililozaliwa ardhini.

Tuje kwenye kung'arisha. Mashine ya kubingirisha mawe ni kitu sahili: pipa dogo la mpira au plastiki nene lililolala juu ya fimbo mbili, fimbo moja ikizungushwa na mota. Fundi yeyote anayejua mkanda na puli anaweza kukutengenezea. Ndani ya pipa huwekwa mawe, maji na unga wa msasa wa kabonati ya silikoni—la, si kabonati. Ni kabidi ya silikoni, na ninalisahihisha hapa kwa makusudi kwa sababu majina hayo huchanganywa hata madukani, nawe ukipewa kisicho chenyewe utazungusha pipa mwezi mzima bure.

Jaza mawe hadi theluthi mbili au robo tatu ya pipa, makubwa kwa madogo, lakini yote yawe ya ugumu mmoja, kwa maana marumaru ikichanganywa na akiki huyeyuka kuwa uji. Mimina maji yafike chini kidogo ya mawe ya juu. Kwa kila nusu kilo ya mawe weka vijiko viwili vya mezani vya unga namba 80. Namba hizi ni sawa na za msasa wa seremala: ndogo ndiyo yenye makali. Zungusha usiku na mchana kwa siku saba, ufungue kila siku mwanzoni ili gesi itoke, kisha utazame. Hatua hii ya kwanza ndiyo inayolipa jiwe umbo, na haina haraka. Mawe yenye kona yarudishwe kwa unga mpya hata wiki tatu. Sikiliza pipa pia. Likifanya kazi vizuri hutoa mlio mzito wa mawe yanayoteleza. Ukisikia yakigongana, limejaa kidogo mno au linakwenda kasi mno.

Baada ya hapo huja namba 220 kwa wiki moja, kisha namba 600 kwa wiki nyingine, na mwisho unga wa kung'arishia, wa oksidi ya alumini au ya seriamu. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, lizungushe pipa kwa mkono kila mara au ulimwage, kwani tope likituama hushika chini kama saruji. Kwa sababu hiyo hiyo tope hilo lisimwagwe kwenye sinki wala choo. Chimba shimo mbali na kisima.

Kati ya hatua na hatua kuna kuosha, na hapa ndipo kazi huharibika. Katika awamu yangu ya pili ya kung'arisha nilikuwa na yaspi nyekundu zipatazo thelathini, na mojawapo ilikuwa na kishimo kidogo, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Nilisuuza harakaharaka. Punje za namba 80 zilijificha ndani ya kishimo hicho, zikapita 220, zikapita 600, zikatokea kwenye unga wa kung'arishia na kukwaruza mawe yote. Nilipoyakausha baada ya wiki ya mwisho yalikuwa na ukungu, na kila moja lilikuwa na mistari myembamba iliyoonekana likigeuzwa kwenye mwanga. Wiki tano zilirudi mwanzo. Tangu siku hiyo jiwe lenye tundu silivushi hatua ya kwanza, pipa na kifuniko chake husuguliwa kwa mswaki wa zamani, na nina pipa la pili ambalo halijawahi kuonja unga wa namba 80.

Kipimo cha kumaliza ni hiki: kausha jiwe kabisa, kisha lowesha nusu yake. Ikiwa huwezi kutofautisha nusu hizo mbili, limeiva. Lizungushe saa moja kwa maji na sabuni kidogo ya unga ili mabaki yatoke.

Kukata ni daraja jingine, na sharti lake la kwanza ni maji. Vumbi la kwatsi ni silika, na silika ikivutwa kwa muda huacha makovu kwenye mapafu ambayo hayaponi. Basi usikate wala usisage jiwe likiwa kavu, hata kwa dakika moja, na vaa miwani na barakoa ya vumbi hata kazi inapokuwa na maji. Mashine ya kukatia vigae yenye maji na diski ya almasi isiyo na meno yatosha kwa mawe madogo. Kata bamba la unene wa milimita 5 au 6, ukisukuma polepole na kuiacha diski ikate yenyewe, kisha chora umbo la yai kwa ncha ya waya wa alumini, ambao alama yake haifutwi na maji.

Umbo la kuanzia ni kaboshoni, yaani kito chenye tako bapa na mgongo wa mviringo. Punguza pembe za bamba, lipashe joto kidogo, kisha ulibandike kwa lakiri, yaani nta ngumu inayolainika kwa joto, kwenye kijiti kinene kama penseli. Saga kwa gurudumu la namba 80 au 100 hadi ukaribie mstari, kisha anza kuupa mgongo mviringo ukikizungusha kijiti bila kusita, maana ukisita jiwe hupata bapa. Fuata 220, 600 na 1200, kila hatua ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, na umalizie kwa ngozi iliyolowa oksidi ya seriamu. Jiwe la Longido, lenye yakuti nyekundu ndani ya zoisaiti ya kijani, liache kwa baadaye: yakuti ina ugumu wa 9 na zoisaiti karibu 6.5, hivyo kijani huliwa na nyekundu hubaki imejitokeza kama chunusi, isipokuwa ukitumia msasa wa almasi tangu mwanzo. Vito vya pande nyingi vinadai mashine yenye vipimo vya nyuzi za pembe, na hilo ni jambo la kujifunza mbele ya mwalimu. Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha hufundisha ukataji.

Kaboshoni ikishang'aa usiing'oe kwenye lakiri kwa kisu. Iache ipoe, iweke pamoja na kijiti chake kwenye friza kwa robo saa, kisha ibonyeze pembeni kwa kidole gumba, nayo itaachia yenyewe.