Omba rekodi ya mawasiliano kabla ya kupokea kiendeshi

Mradi wa programu huria unapoletewa kiendeshi (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa fulani) cha kifaa ambacho wasimamizi wake hawanacho, mtake mchangiaji aambatanishe rekodi ya mawasiliano halisi kati ya kompyuta na kifaa chake, kisha iingizeni kwenye majaribio ya kiotomatiki ili ichezwe upya kila msimbo unapobadilishwa. Kazi kubwa ya kiendeshi ni kutuma amri na kusoma majibu, hivyo badiliko linalovuruga mfuatano huo litagundulika hata baada ya mchangiaji kuondoka, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Mradi wa libfprint, unaohudumia visomaji vya alama za vidole katika Linux, hufanya hivi kwa umockdev, zana ya kurekodi na kuigiza vifaa, na huwashauri wachangiaji waepuke kurekodi alama halisi za vidole vyao, watumie upande wa kidole au hata mkono. Mbinu hii haifui dafu pale hitilafu inapotokana na muda wa majibu, umeme au toleo jipya la programu ya ndani ya kifaa. Tena jaribio litafeli bure amri zikipangwa upya kwa sababu halali, na hapo ni lazima apatikane mwenye kifaa arekodi upya.