Jinsi ya kupamba njia ya maarusi kwenye meli ya Ziwa Kivu

Jumamosi iliyopita nilikuwa bandarini hapa Bukavu tangu saa kumi na moja alfajiri, nikimsaidia binti mmoja aliyetaka kumpambia dada yake mkubwa meli ya kukodi. Kumbi amezipamba nyingi, tena vizuri. Meli ilikuwa ya kwanza. Alifika na mabunda mawili ya kitambaa cheupe chembamba na skochi nne mpya za kubandikia, akaniuliza, "Yaya, tuanzie wapi?" Nikamwambia tuanze kwa kuirudisha ile skochi mfukoni.

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote atakayepata kazi kama hii. Kukunja utepe na kufunga shada mnajua, sitayagusa. Nitaeleza yale ambayo ukumbi wa nchi kavu haukufundishi.

Hatua ya 1: Nenda uione meli, na mita mkononi

Usikubali vipimo vya simu. Mwenye meli atakutajia urefu wa meli nzima, na wewe unataka urefu wa njia. Mabenchi yamefungwa kwa bolti, hayasogei, kwa hiyo njia yako ni ile iliyoachwa kati ya benchi na benchi. Pima upana wake mahali palipo pembamba kuliko pote, si pale mlangoni. Bibi arusi mwenye gauni pana akishikwa mkono na baba yake anahitaji karibu mita moja na robo. Kama hakuna, mwambie mapema ili apite mmoja mbele na mwingine nyuma, badala ya kuligundua jambo hilo mbele ya wageni.

Angalia na kizingiti. Milango mingi ya meli ina ukingo wa chuma chini, wa kuzuia maji yasiingie, na gauni hukwama hapo. Usikifunike kwa zulia! Mguu usiokiona kizingiti ndio unaojikwaa. Kifunge utepe wa rangi inayoonekana, kisha weka mtoto mmoja wa familia pale, kazi yake iwe kuinua pindo la gauni.

Hatua ya 2: Keti na kapiteni kabla hujanunua hata ua moja

Ukisema njia ya maarusi, kapiteni anasikia njia ya watu kutokea. Yeye ndiye aliye sahihi. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, karibu kufika, watu wakiiona kutoka ufukweni. Hakuna familia ya Kivu isiyojua mtu aliyelia siku ile. Mimi tangu hapo sipambi meli kabla sijaonyeshwa jile za kuokoa maisha zilipo na jinsi zinavyotolewa, na sanduku lake halifunikwi na kitambaa changu hata kama rangi yake ya machungwa inaharibu picha zote. Hakuna chombo cha maua kinachosimama katikati ya njia. Hakuna kamba inayokatiza njia upande mpaka upande, hata ile ya utepe inayokatwa na maarusi. Kama wanaitaka, ikatwe kwenye daraja la kupandia, watu wakiwa bado chini.

Jambo la pili la kuzungumza naye ni mahali meli itakapokuwa wakati maarusi wanatembea. Wengi wanaota kutembea katikati ya ziwa, milima pande zote. Ninaelewa, lakini ninapinga kila mara. Ziwa Kivu linafika kina cha zaidi ya mita 450, na kando zake sehemu nyingi zinaporomoka ghafula, kwa hiyo nanga haipati pa kushika popote mnapotaka. Kapiteni akizima mota ziwani, meli hugeuka ubavu kwa upepo, inaanza kuyumba, na bibi arusi mwenye viatu virefu anashika mabenchi kama mtu anayepanda ngazi gizani. Tembeeni meli ikiwa imefungwa gatini, asubuhi, ziwa likiwa limelala. Upepo unaamka jua likishapanda. Baraka ikishatolewa, fungueni kamba mwende mkazunguke mbele ya mitaa ya Nguba na La Botte, mle, mcheze.

(Ndoa ya serikali mnakuwa mmeshaimaliza kwenye ofisi ya komine. Kapiteni hafungishi ndoa, jamani, niliulizwa hili tena wiki hii.)

Hatua ya 3: Kulishikisha zulia chini

Hapa ndipo nilipopotezea saa sita za maisha yangu, na nitaeleza polepole.

Meli yangu ya kwanza nilitandika kitambaa cheupe cha satini, mita tisa, nikakibandika pande zote kwa skochi pana. Nilianza saa kumi na moja. Kufika saa kumi na mbili na nusu kingo zote zilikuwa zimejikunja. Nikabandika upya, zikaachia tena. Nikanunua skochi nyingine, ile nzito ya kijivu. Hiyo ikashika, lakini haikushika chuma, ilishika rangi. Saa tano nilipoivuta kurekebisha kona moja, rangi ya sakafu ilitoka nayo kipande cha upana wa kiganja, na mwenye meli alinikata pesa za kupaka upya. Maarusi walikuwa wameshafika, wamekaa kwenye gari.

Sababu nilizijua baadaye. Chuma kinapoa usiku kuliko hewa, kwa hiyo alfajiri sakafu yote ina umande, hata pale ambapo mkono wako unahisi pakavu. Juu ya hapo kuna utando mwembamba wa mazuti, yaani dizeli, ambao haukosekani kwenye meli yenye mota. Pitisha kitambaa cheupe sakafuni ukione kinavyotoka. Na chini yake kuna rangi iliyopakwa juu ya rangi, tabaka kwa tabaka, ambayo imeshaanza kuachana na chuma. Gundi yoyote unayoweka inashika kitu ambacho chenyewe hakijashika.

Sasa natumia sumaku. Nenda kwa mafundi wa redio, hapa kwetu mimi nawapata Kadutu, uwaulize spika zilizokufa. Nyuma ya kila spika kuna sumaku nyeusi ya duara, na fundi anakuuzia kwa bei ndogo kwa sababu hana la kuifanyia. Lakini usizibandike juu ya zulia, maana nguvu ya sumaku inapungua haraka sana ikitenganishwa na chuma, hata kwa unene wa kidole. Zulia nene likiwa katikati, itateleza tu. Na usizishonee chini ya zulia mahali watu wanapokanyaga, kwa sababu utakuwa umetengeneza vilima vya kuangusha wazee.

Fanya hivi. Shona ndimi za kitambaa kigumu kwenye kingo mbili za zulia, kila ulimi sentimita 15, zikitoka nje kuelekea chini ya mabenchi. Mwisho wa kila ulimi shona kimfuko, sumaku iingie humo, igusane na sakafu ikitenganishwa na kitambaa kimoja chepesi tu. Kitambaa hicho kinazuia pia sumaku isikwaruze rangi. Weka ulimi mmoja kila nusu mita. Kwa njia ya mita tisa ni ndimi 19 kila upande, 38 jumla. Ni kazi ya kushona siku mbili, unaifanya mara moja maishani. Siku ya arusi unakunjua zulia, unasukuma ndimi chini ya mabenchi, unasikia *ta, ta, ta* sumaku zikidaka chuma, na dakika kumi zimetosha. Yule binti wa Jumamosi alipousikia ule mlio aliweka mkono mdomoni.

Mambo ya kuangalia, na usiruke hata moja:

Sumaku zikae mbali kabisa na chumba cha usukani. Dira ya meli ni sumaku nayo, na rundo la sumaku za spika likiwekwa karibu linaipotosha. Mwambie kapiteni unazo, umwonyeshe zitakapokaa, usizifiche kwenye boksi lililo chini ya kiti chake.

Jaribu kwanza. Si kila meli ni ya chuma. Nyingine ni mbao, nyingine zina sakafu ya alumini au faiba, na sumaku haishiki kitu hapo. Mimi nina sumaku moja kwenye mkoba wangu siku zote. Naiweka sakafuni hata kabla ya kusalimia. Isiposhika, zile ndimi zipigie matundu na uzifunge kwa kamba kwenye miguu ya mabenchi. Kamba ya nyavu inafaa kuliko utepe, haifunguki ikilowa.

Usiziangushe. Zinapasuka kama sahani. Na usiache mbili zikakimbiliana kidole chako kikiwa katikati.

Mwanzo na mwisho wa zulia hakuna mabenchi ya kuficha ndimi. Hapo mimi nashonea ndani ya upindo risasi za nyavu, vile vizito vidogo ambavyo wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wanatumia, zimepangwa bega kwa bega. Upindo unakuwa mzito na bapa, hauinuki kwa upepo.

Na zulia lenyewe? Achana na satini, achana na ile plastiki nyeupe ya kukunjua inayouzwa kwa mita. Ikilowa ni barafu, na kisigino chembamba kinaitoboa hatua ya tatu. Chukua tapi (zulia) yenye mpira mgongoni, rangi ya krimu au kijani iliyokolea, siyo nyeupe, kwa sababu ya ule mazuti niliokuambia. Kama familia inataka cha nyumbani, mkeka mzito uliosukwa vizuri unapendeza kuliko vyote, ila ushonee mpira chini.

Hatua ya 4: Maua ya kando

Mota ikiwaka meli nzima inatetemeka, na chombo cha maua kinatembea chenyewe kidogo kidogo mpaka kinafika ukingoni. Kwa hiyo hakuna vioo. Chukua bido (madumu) za lita tano, zikate juu, jaza mchanga uliolowa, chomeka matawi ndani yake, vika kikwembe (kitenge) cha familia, kisha funga kila bido kwenye mguu wa benchi. Wenzangu wa Goma wanapenda kujaza mawe ya volkano kwa sababu yapo kila kona. Yale yenye matundu ni mepesi kuliko yanavyoonekana, chombo kinaanguka nayo. Mchanga.

Kwa majani, hakuna kinachoshinda mkaratusi wa vilima vyetu: unavumilia jua la ziwani siku nzima na harufu yake inapigana na ile ya mazuti. Waridi weka machache, kwenye benchi za mbele. Bugenvilia ninayoipenda ukutani siiweki melini, ikikatwa inanyauka upesi na upepo unaipukutisha yote. Na petali za kumwaga chini, hapana. Petali juu ya sakafu yenye unyevu inateleza. Watoto wa maua wape vikapu vyenye mashada madogo, wawape wageni wa pembeni wakipita.

Hatua ya 5: Upinde

Usiuweke nyuma, moshi wa mota utaupaka masizi. Usiuweke mbele kabisa, upepo utauchukua. Katikati, umeegemea ukuta wa kabini, umefungwa sehemu nne. Matawi ya mitende na ya migomba kama tunavyofanya kwenye mlango wa nyumba ya arusi yanatosha. Usiweke upinde ubavuni mwa meli, maana wageni wote na simu zao watakimbilia upande huo kupiga picha, na meli italala upande huo. Kapiteni atapaza sauti, naye atakuwa na haki.

Hatua ya 6: Taa

Za betri. Mishumaa ya moto hapana.

Kama ni zile meli kubwa za baharini

Dada mmoja wa kwetu anayeishi Ubelgiji aliniuliza kuhusu arusi kwenye meli za utalii zenye maelfu ya abiria. Huko kazi ni nyingine. Mishumaa ya moto inakatazwa, na mara nyingi maua na mapambo vinapitia kwa watu wa meli wenyewe. Usinunue kitu kabla hawajakuandikia wanachokubali. Upepo wa bahari ni mkali kuliko wetu, kwa hiyo omba ukumbi wa ndani au sehemu iliyokingwa, na vitu vyote viwe vya kufunga, si vya kusimamisha.

Kuvua mapambo

Ng'oa sumaku kwa kuzitelezesha pembeni, usizivute juu, utachana ndimi. Zihesabu: 38. Moja ikibaki chini ya benchi, wiki ijayo itakuwa imekusanya kutu ya meli nzima. Kisha pita na mfuko uokote kila kipande cha utepe na waya kabla meli haijaoshwa, kwa kuwa maji ya kuoshea sakafu yanaingia moja kwa moja ziwani, na sambaza wanavuliwa hapo hapo jioni ile. Tapi ioshe siku hiyo hiyo kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, mazuti yakilala hayatoki tena.